Gorila saa moja, muziki usiku mmoja, na sisi tuko wapi?

  Leo nataka tuzungumze juu ya picha moja.

Ni picha ya karatasi, si ya simu. Mwenye nayo ni baba mmoja wa Rugari, aliyeishi Kanyaruchinya kuanzia mwaka 2022 pamoja na bibi yake na watoto watano. Anaitunza ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi yake ya uchaguzi na jetoni ya kupokelea msaada. Siku moja ya mwaka 2024 tulikuwa tumeketi juu ya mawe ya volkano, sisi wa kundi la wasikilizaji, tukingoja gari la maji ambalo halikuja. Akaitoa picha. Inaonyesha watu watatu mbele ya msitu: mzungu mwanaume mwenye ndevu, mzungu mwanamke aliyefungwa bandeji kwenye mkono wa kushoto, na katikati yao baba wa Rugari mwenyewe, amevaa buti za mvua, ameshika fimbo, anacheka meno yote nje.

Mimi nikashtuka. Ile bandeji niliijua.

Lakini kabla sijasema neno, ugomvi ulikuwa umeshaanza. Mama mmoja wa Kibumba aliitazama picha ile, akairudisha kama mtu anayerudisha deni. “Hao ndio wanakuja kuangalia nyama wa parki,” akasema. “Nyama wako na walinzi, wako na bunduki, wako na daktari. Sisi hapa tunalala bila mlango.” Kijana mmoja akadakia: “Na wakishuka mlimani wanaenda kucheza muziki mjini. Sisi tunazika watu, wao wanaruka.” Wengine wakaitikia. Mzee mmoja akafunga mashauri kwa upande wake: vita vikiisha, parki ifungwe, tamasha lifungwe, wazungu wakae kwao, na sisi tupewe mashamba.

Nimebeba maneno hayo wiki nzima. Sikubaliani nayo, lakini siwezi kusema waliyoyatoa wamekosea. Mwezi wa tano mwaka ule wa 2024 mabomu yaliangukia makambi ya Mugunga, watu wakafa ndani ya vibanda vyao mchana kweupe. Mtu aliyeona hayo hawezi kuambiwa akae kimya kwa sababu tu maneno yake ni makali. Basi naomba nieleze mimi nilichokiona kwa hao wawili wa kwenye picha, halafu kila mmoja apime.

Walikuja mwezi wa pili mwaka 2020, toka Ubelgiji. Bwana ni fundi wa umeme, bibi ni mwalimu wa shule ya msingi. Si watu wa pesa nyingi. Waliniambia waliweka akiba miaka mitatu kwa ajili ya safari hiyo moja. Waliingia kwa Barrière Kubwa wakitoka Gisenyi, wakalala Goma usiku mmoja, na kesho yake wakapanda Nyiragongo. Wengi wenu mnaijua njia ile kuliko wao: unaanzia Kibati, unapanda karibu saa tano, mwisho unatambaa juu ya mawe, halafu unafika kwenye vibanda vidogo kwenye ukingo, na wakati ule chini yako kulikuwa na ziwa la moto. Walilala huko juu, wakitetemeka kwa baridi, wakiutazama moto usiku kucha. Kwa hiyo walilipa dola 300 kila mtu. Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Mei 2021, moto ule ule ulishuka mpaka Buhene na kula nyumba zetu. Wao walilipa kuuona, sisi ulitufuata bure nyumbani.

Siku iliyofuata waliposhuka walipumzika, kisha wakapelekwa Bukima kuona gorila. Walipita Kanyaruchinya, Kibati, Kibumba, Rugari, ndani ya gari la vioo vilivyofungwa, walinzi wenye silaha wakiwa nao. Mtu asishangae. Tarehe 11 Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa kwenye barabara hiyo, na mlinzi Rachel Masika Baraka, binti wa miaka 25, aliuawa akiwalinda. Waliachiliwa baada ya siku mbili, parki ikafunga utalii hadi mwezi wa pili mwaka 2019. Kwa hiyo wageni wa 2020 walipita vijijini kwetu kama barua iliyotiwa ndani ya bahasha: inapita kwa kila mtu, haisomwi na mtu.

Pale Bukima ndipo walipomkuta baba wa Rugari. Yeye alikuwa mbebaji wa mizigo, mmoja kati ya wanaume waliokuwa wakingoja zamu kila asubuhi. Alibeba mfuko wa mwanamke, chupa za maji na makoti ya mvua. Aliwauzia pia fimbo mbili, kwa maana alikuwa anazichonga mwenyewe, na mpini wake anauchora uso wa gorila. Katika mteremko mmoja wenye majani yanayowasha, yule mwalimu aliteleza akaangukia mkono. Baba akamshika kwa koti kabla hajaendelea kuviringika. Mlinzi akamfunga bandeji, na mwalimu akakataa kurudi. “Nimekuja mbali,” alisema.

Saa ya gorila ni saa moja kweli, si zaidi. Mnafunika mdomo na pua kwa barakoa ili msiwaambukize mafua, mnasimama mbali kidogo, mnanyamaza. Bei ilikuwa dola 400 kwa kila mtu. Hapo nataka mfanye hesabu pamoja nami. Volkano na gorila, kwa watu wawili, ni dola 1,400. Upande wa pili wa milima hiyo hiyo, Rwanda, ruhusa ya mtu mmoja kuona gorila peke yake ni dola 1,500 tangu mwaka 2017. Wale wawili walikuja kwetu kwa sababu sisi ni rahisi. Sisemi hivyo kwa kuwacheka. Nasema ili tujue ni mgeni wa namna gani anayekuja Kongo: mara nyingi si tajiri, ni yule aliyekubali hatari ili apunguziwe bei.

Nilimuuliza baba wa Rugari alisikia nini siku ile alipowaona gorila pamoja nao. Akanitazama kama vile nimeuliza bei ya mwezi. “Wabebaji hawafiki,” akasema. “Sisi tunabaki nyuma na mifuko, tunangoja. Miaka sita nimefanya kazi ile, saa yao ile sijaiona hata mara moja. Naona sura zao wakirudi tu. Wengine wanalia.”

Maneno hayo yangetosha kuwa habari nzima. Lakini twende kwanza kwenye ule usiku wa muziki, kwa maana ndipo mimi nilipowakuta.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 15, usiku wa pili wa tamasha Amani, kwenye uwanja wa shule Mwanga. Kwa wale waliokuwa wadogo: tamasha lile lilianza mwezi wa pili mwaka 2014, miezi michache tu baada ya vita vya M23 vya wakati ule kuisha, na vijana wa Goma ndio waliolibeba kwa mikono, mamia ya watu wa kujitolea. Kiingilio kilikuwa kama dola moja, kusudi asiyekuwa na kitu naye apite. Mwaka 2020 tulikuwa bado tuko na Ebola upande wa Beni na Butembo, kwa hiyo mlangoni unanawa mikono kwa maji ya dawa, unapimwa joto, ndipo unaingia.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Wenye kuijua Goma wanajua vumbi letu jeusi likikutana na maji linakuwa nini. Wale wawili niliwakuta nyuma ya kibanda cha mama mwenye kuuza sambaza za kukaanga, wamesimama kwenye matope kama sisi wote, mwalimu ameinua mkono wake wenye bandeji juu ili watu wasiugonge. Nilikuwa na kinasa sauti, nikawaomba maneno mawili ya redio. Yule bwana alifurahi kupita kiasi. Aliniambia kwamba kijanani alipiga gita katika bendi ya roki, na kwamba kila mwaka walikuwa wakienda Werchter, kwenye tamasha kubwa la roki la kwao, ambapo siku moja tu inapita euro mia. Huko nako, akasema, mvua haikosi. “Matope ndiyo nayajua, ila wimbo siujui hata mmoja.”

Nikamwambia angoje. Baadaye bendi moja ya mjini ikapanda, vijana wenye gita za umeme na ngoma za kishindo, wakaanza kama rumba, polepole, halafu mpiga gita akaingia kwenye seben. Ninyi mnajua seben inavyofanya. Gita ile ikapasua usiku, uwanja mzima ukainuka. Nilimwona fundi wa umeme toka Ubelgiji amefumba macho, vidole vyake vinatafuta nyuzi hewani. Pembeni yake kulikuwa na vijana wawili wa Birere, mmoja fundi pikipiki kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa na mafuta. Wakamshika mabega. Mwalimu alikuwa anafundishwa kucheza na mama wa sambaza, ambaye aliacha kikaango chake motoni, na hicho nilikitazama kwa wasiwasi kwa sababu nilikuwa nimeshalipa.

Wimbo ulipoisha, mwalimu alinisogelea akasema jambo ambalo sikulirusha redioni, nilidhani ni maneno ya mgeni tu. Alisema: “Siku tano nimekuwa hapa, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiambia jina lake bila kuwa kazini.” Halafu akanieleza juu ya mwanaume aliyemshika koti kule Bukima. Jina lake alikuwa halijui. Walikuwa wamechapisha picha mjini na kumpa dereva ampelekee.

Sasa mnaelewa kwa nini nilishtuka pale Kanyaruchinya.

Nirudi kwa mama wa Kibumba. Anasema nyama wako na walinzi na sisi hatuna. Ndiyo, na jambo hilo ni la zamani. Mwezi wa saba mwaka 2007 gorila wa familia ya Rugendo walipigwa risasi, pamoja na dume lao Senkwekwe. Picha ya maiti yake, amebebwa juu ya miti na wanaume wengi, ilizunguka dunia yote, na watu wa mbali walilia. Mwaka huo huo familia nyingi za Rutshuru na Masisi zilikuwa barabarani na magodoro kichwani. Picha zao hazikwenda mbali hivyo. Hilo linauma na lina haki ya kuuma.

Lakini, mama yangu, walinzi wale ni watoto wa nani? Ni watoto wa Rutshuru, wa Lubero, wa Beni, wa Nyiragongo. Zaidi ya 200 wameuawa katika kazi hiyo tangu mbuga iundwe. Tarehe 24 Aprili 2020, wiki kumi baada ya usiku ule wa muziki, walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo kwa siku moja tu, pamoja na dereva wao na raia wanne. Wajane wao wako hapa hapa, wengine wamekimbia vita kama wewe. Hasira ikielekezwa kwa mlinzi, inampiga ndugu.

Na yule mzee aliyesema parki ifungwe tupewe mashamba, namheshimu, maana najua anapotokea. Mbuga hii iliundwa na amri ya mfalme wa Wabelgiji tarehe 21 Aprili 1925. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 100, ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Ilipopanuliwa miaka iliyofuata, watu waliondolewa kwenye ardhi yao, na masimulizi hayo bado yanapita toka babu hadi mjukuu. Hata hivyo naogopa shamba ambalo mzee analiota. Tumeshaona nani anayekata kwanza pakiwa hakuna mlinzi. Si mkulima wa maharage. Ni mwenye silaha anayeuza mbao na makala kwa magunia, na mkulima anabaki kumlipa ushuru.

Kuhusu makala nisipite haraka, kwa kuwa wengi wenu mnaishi kwayo. Makambi yalikuwa yamepangwa kwenye mguu wa parki. Familia ilikimbia bila sufuria, ilipewa unga, haikupewa cha kuupikia. Mama anafanya nini? Anaingia msituni. Akikutwa na walinzi, sheria inasema amekosa. Akikutwa na wenye silaha, hakuna sheria, na mwaka 2023 madaktari wa MSF walipaza sauti juu ya mamia ya wanawake wa makambi waliobakwa, wengi wao walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Tunampa mwanamke huyo jina la mharibifu wa mazingira. Mimi nimekataa kulitumia jina hilo katika habari zangu, na nitaendelea kukataa mpaka atakapoletewa kuni, au stima ya kupikia, au aruhusiwe kurudi kwake.

Stima ndiyo ninayotaka kuitaja kwa upande wa pili wa mizani, kusudi tusiseme parki ni nyama peke yao. Bwawa la Matebe, kule Rutshuru, limejengwa kwa kazi ya parki, na taa zake zinawaka katika mitaa ya Goma. Parki imetangaza pia kwamba asilimia 30 ya pato la utalii ni ya miradi ya wenyeji. Rwanda wao wanatoa asilimia 10 kwa vijiji vinavyopakana na mbuga. Kwa karatasi, basi, sisi tuko mbele. Lakini waulizeni wahami nani ameshawahi kusikia hesabu hiyo ikisomwa. Nimeuliza. Watu wanaijua shule iliyojengwa, wanaijua bomba la maji, lakini hakuna aliyeweza kuniambia kwamba mwaka fulani waliingia wageni kadhaa, zikapatikana dola kadhaa, na sehemu yetu ilikwenda pahali fulani. Jambo lisilosomwa kwa sauti, kwa lugha ya watu, linakuwa uvumi. Vita viliporudi Rutshuru mwaka 2022, watalii walikoma kupanda Bukima, kwa hiyo pato la kugawana likakatika. Ndio wakati mzuri wa kupatana. Ukingoja pesa zirudi, wenye vikombe vikubwa watakuwa wameshapanga mstari.

Ninachoomba si kikubwa. Wageni watakaporudi, hesabu isomwe kwa Kiswahili, redioni, kila mwaka. Na wale waliokuwa wabebaji, wapishi, waonyesha njia, waandikwe majina yao leo, popote walipo, kabla hawajasahauliwa. Baba wa Rugari hana karatasi hata moja inayoonyesha kwamba alifanya kazi miaka sita. Ana picha.

Pale kwenye mawe kijana mmoja alikuja na wazo lake, na alilitoa kwa nia njema. Alisema watalii wakirudi waletwe kambini pia, waone tunavyoishi, ili walipe. Nilitaka kujibu, lakini mama wa Kibumba alinitangulia. “Hapana,” akasema. “Mimi sitaki kuangaliwa saa moja na mtu aliyefunika pua.” Watu walicheka, kisha wakanyamaza, na hakuna aliyelirudia wazo lile. Naliona jibu lake kuwa kubwa kuliko mambo yote niliyoandika hapa.

Kwa maana hiyo ndiyo tofauti ya zile siku mbili za wale wageni. Kwenye msitu walikuwa watazamaji, na sisi tulikuwa barabara, mfuko na fimbo. Hata gorila, ambaye walimlipia, walimwona kuliko walivyotuona. Kwenye uwanja wa Mwanga hakukuwa na kioo kati yetu. Walilipa kiingilio walicholipa fundi pikipiki na muuza sambaza, walinyeshewa na mvua ile ile, na walikuwa wajinga wa wimbo mahali ambapo sisi ndio tulioujua. Ndiyo maana siungani na wanaosema kucheza wakati wa vita ni kuwatukana wafu. Nimezika pia. Nyumbani kwetu mtu akifa tunalia, na usiku tunaimba mpaka asubuhi, wala hakuna anayesema waimbaji hawana huzuni.

Lakini ninawauliza pia wenye kuandaa matamasha, wa Goma na wa kila mji uliopokea wahami: mlango wenu unawafikia hawa? Dola moja ilikuwa ndogo mwaka 2020, kwa mtu mwenye kazi. Mwaka 2024 kwa familia iliyokuwa kambini dola moja ilikuwa bugali ya siku nzima, na toka Kanyaruchinya hadi mjini kulikuwa na nauli ya moto kwenda na kurudi, na usiku barabara haikuwa ya kupita. Mkisema muziki ni wa amani, wanaoihitaji amani kuliko wote wanausikia kwa mbali, upepo ukikubali. Pangeni siku moja ya mchana pale walipo wahami, na vijana wao wapande jukwaani kama wasanii wenye majina, si kama watoto wa kupigwa picha. Kanyaruchinya nimewasikia vijana wanaopiga gita za bati na waya wa breki kwa namna ambayo yule fundi wa Ubelgiji angeacha mdomo wazi.

Nilimweleza baba wa Rugari kwamba nilikutana na wale watu wake, kwamba walicheza, kwamba yule mwalimu alimsimulia mbele yangu. Alisikiliza bila kunikatiza. Hakuniuliza kama walisema watarudi, wala kama waliacha anwani. Aliuliza kama mkono ulipona. Nikasema sijui, ila usiku ule alikuwa anaucheza.

Akaifunga picha ndani ya plastiki yake. Kisha akaniambia kwamba siku walipokimbia aliacha fimbo tisa zilizokwisha kuchongwa, chini ya kitanda, Rugari. Mpaka sasa anazihesabu usiku. Kama hakuna aliyezichoma kwa kupikia, zitakuwa zimekauka vizuri.